Wasomaji Wanauliza: Mkono wa Roboti Unapotushinda Darasani

Tangu tulipotangaza kwamba ukurasa huu utapokea maswali kuhusu somo la mekanika na mwendo wa roboti, barua zilizoingia zimezidi nafasi tuliyo nayo. Nimechagua zile zinazogusa mahali ambapo, kwa uzoefu wangu wa kulifundisha somo hili, wanafunzi wengi hukwama. Na pale ambapo watu wawili au watatu waliuliza jambo moja, nimeziunganisha barua zao. Majina yameachwa kwa makusudi.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma uhandisi wa mitambo, mwaka wa tatu. Hisabati ya miaka miwili ya mwanzo niliifaulu bila taabu, lakini tangu tuanze somo la roboti nimepotea kabisa. Katika wiki ya tatu mhadhiri alichora mkono wenye viungo sita, akajaza jedwali la namba nne kwa kila kiungo, akazidisha matriksi sita, kisha akasema kwamba hapo ndipo ncha ya mkono ilipo. Kila hatua naweza kuinakili, ila sijui kwa nini inafanyika. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba. Kilichokupoteza si hisabati. Umezidishiwa matriksi, yaani majedwali ya namba, kabla hujaelezwa zinajibu swali gani, na swali lenyewe ni fupi: kitu hiki kiko wapi na kimeelekea wapi, ukikitazama kutoka wapi? Hayo maneno mawili ya mwisho, "kutoka wapi", ndiyo yanayosahaulika, na ndiyo yanayolibeba somo zima.

Mkono wa roboti umejengeka kama mwanzi, una mafundo na una pingili baina ya mafundo. Mafundo ndiyo viungo, ambavyo hujikunja au huteleza; pingili ni vile vipande vigumu visivyopindika. Juu ya kila pingili tunabandika fremu, yaani mihimili mitatu ya x, y na z inayokutana kwa pembe mraba na kusafiri pamoja na pingili hiyo popote iendapo. Mtu aliyeketi kwenye fremu ya pingili ya tatu huiona pingili hiyo imetulia, na huiona ya nne ikizunguka mbele ya macho yake. Kazi ya matriksi moja ni kuyatafsiri maelezo ya mtu huyo ili yaeleweke kwa mwenzake aliyeketi kwenye pingili ya pili. Ndani ya matriksi hiyo ya nne kwa nne, namba 9 zinaeleza mwelekeo, namba 3 zinaeleza mahali, na mstari wa chini wa 0, 0, 0 na 1 umewekwa ili kuzungusha na kusogeza kufanyike kwa tendo moja la kuzidisha. Ukizidisha matriksi sita, umetafsiri mara sita, kutoka kwenye ncha hadi kwenye kitako kilichofungwa sakafuni. Hiyo ndiyo kinematiki ya mbele, yaani kutoka kwenye pembe za viungo hadi mahali ncha ilipo, na haina siri nyingine.

Kabla hujarudi kwenye jedwali, chukua kitabu ukilaze mezani, jalada likitazama juu na maandishi yake yakisomeka mbele yako. Kizungushe nyuzi 90 kinyume cha mwendo wa saa, kikiwa bado kimelala. Kisha uinue ule upande ulio mbali nawe mpaka jalada likutazame. Utakiona kimesimama juu ya mgongo wake, na maandishi ya jalada yamelala ubavu. Kirudishe kama kilivyokuwa, sasa uanze na kukiinua, ndipo ukizungushe nyuzi 90 kinyume cha mwendo wa saa kikiwa kimesimama. Safari hii kinasimama wima kama kilivyo rafuni, mgongo ukikutazama wewe. Mizunguko ni ile ile miwili, mpangilio umebadilika, na matokeo hayafanani hata kidogo. Ukishaliona jambo hilo kwa macho hutauliza tena kwa nini matriksi haziruhusiwi kubadilishana nafasi, na utaacha kosa ambalo mimi hulikuta katika karibu kila rundo la mitihani.

Kuhusu zile namba nne, utaratibu huo ulipendekezwa mwaka 1955 na Jacques Denavit na Richard Hartenberg, miaka sita kabla ya Unimate, roboti ya kwanza ya kiwandani, kuanza kazi katika kiwanda cha General Motors nchini Marekani. Wao walikuwa wakitafuta njia ya kuieleza mitambo ya pingili kwa jumla. Kwa kawaida, kueleza fremu moja ikilinganishwa na nyingine kunahitaji namba sita, yaani tatu za mahali na tatu za mwelekeo. Wao waliokoa mbili kwa kuweka masharti mawili: mhimili wa x wa fremu mpya ni lazima uukate mhimili wa z wa fremu iliyotangulia, na ni lazima uukate kwa pembe mraba. Zinazobaki ni urefu wa pingili, msokoto wake, mwachano kwenye mhimili wa kiungo, na pembe ya kiungo. Katika kiungo kinachozunguka, tatu kati ya hizo hazibadiliki tangu mkono utoke kiwandani. Ni pembe peke yake inayobadilika.

Jihadhari na jambo moja ambalo wahadhiri wengi hulipita haraka. Iko mitindo miwili ya kulijaza jedwali hilo: mmoja huiweka fremu mwishoni mwa pingili, mwingine huiweka mwanzoni. Yote miwili ni sahihi, lakini kila mmoja una matriksi yake. Mwanafunzi akichukua jedwali la mtindo huu na kuliingiza katika matriksi ya mtindo ule, atapata majibu yenye sura nzuri yasiyo na maana yoyote. Chagua mmoja, uandike juu ya ukurasa umechagua upi, na usiuache hadi muhula uishe.

SWALI: Mimi na mwenzangu tulipewa kazi moja, kutafuta pembe za viungo ili ncha ya mkono ifike kwenye nukta fulani. Programu yangu ilitoa pembe hizi, yake ikatoa pembe tofauti kabisa, na msahihishaji akatupa alama zote sote wawili. Inawezekanaje swali moja la hesabu likawa na majibu mawili?

JIBU: Msahihishaji alifanya haki. Tulifanye kwa kalamu, kwa mkono mdogo kabisa wa pingili mbili unaotembea juu ya meza. Pingili ya kwanza, kutoka begani hadi kwenye kiwiko, ina sentimita 40. Ya pili, kutoka kwenye kiwiko hadi nchani, ina sentimita 30. Tunataka ncha ifike kwenye nukta iliyo sentimita 50 kutoka begani, moja kwa moja kwenye mhimili wa x.

Kanuni ya kosaini inasema kwamba mraba wa umbali, ambao ni 2500, ni sawa na 1600 kujumlisha 900 kujumlisha 2400 mara kosaini ya pembe ya kiwiko, pembe hiyo ikipimwa kutoka pale mkono unapokuwa umenyooka. Jumla ya 1600 na 900 tayari ni 2500, kwa hiyo kosaini ni sifuri, na kiwiko kimejikunja nyuzi 90. Lakini zipo nyuzi 90 za kushoto na nyuzi 90 za kulia, na kosaini haijui kuzitofautisha. Ukiinua bega nyuzi 36.87 juu ya mhimili, kiwiko kinakaa kwenye nukta (32, 24), kisha pingili ya pili inashuka hadi (50, 0). Ukishusha bega kiasi hicho hicho, kiwiko kinakaa (32, -24) na pingili ya pili inapanda hadi pale pale. Wewe ulikunja kiwiko juu, mwenzako alikikunja chini.

Katika mikono yenye viungo sita vinavyozunguka idadi huongezeka, kwani mkono wa umbo lolote unaweza kuwa na majawabu hadi 16 kwa lengo moja. Mingi ya viwandani huwa na yasiyozidi 8, na hilo si bahati. Mwaka 1968 Donald Pieper alionyesha kwamba mihimili mitatu inayofuatana ikikutana kwenye nukta moja, tatizo hugawanyika vipande viwili, kwanza mahali, kisha mwelekeo, na kila kipande hutatuliwa kwa kalamu bila kubahatisha. Ndiyo sababu mikono mingi ya viwandani huwa na kifundo cha mkono ambacho mihimili yake mitatu inakutana mahali pamoja: mbunifu amemrahisishia kazi mwandishi wa programu.

Upo pia mkono wenye majawabu yasiyo na idadi, nao ni wako mwenyewe. Weka kiganja mezani usikiondoe, tuliza bega, kisha sogeza kiwiko juu na chini. Kinasogea, ingawa kiganja hakikutoka mahali pake wala hakikugeuka, kwa sababu mkono wa binadamu, kutoka begani hadi kwenye kiganja, una njia saba za kujongea ilhali kazi ya kukiweka kiganja mahali fulani kikiwa na mwelekeo fulani inahitaji sita tu.

Nyongeza moja kwa wote wanaoandika programu hizi: msitumie kinyume cha tanjenti cha kawaida kinachopokea uwiano peke yake. Nukta (3, 4) na nukta (-3, -4) zina uwiano mmoja, kwa hiyo kitawapa nyuzi 53.13 kwa zote mbili, wakati ya pili iko upande wa pili kabisa wa duara. Tumieni kile kinachopokea y na x kila kimoja peke yake, kikaangalia alama zake. Nimemwona mwanafunzi akitafuta kosa hili usiku kucha ndani ya matriksi ambazo hazikuwa na hatia yoyote.

SWALI: Katika maabara yetu tuliuamuru mkono wa roboti uchore mstari ulionyooka, polepole. Ulichora vizuri hadi karibu na mwisho, mkono ulipokuwa unakaribia kunyooka, ghafla viungo vikaanza kwenda mbio na mfumo ukajizima wenyewe. Fundi anasema mota ni nzima. Kosa liko wapi?

JIBU: Fundi amesema kweli. Mmekutana na singulariti, yaani mkao ambamo mkono hupoteza njia moja ya kujongea, na mimi nina kumbukumbu yangu mwenyewe ya jambo hilo. Nilipokuwa mwanafunzi tulifunga kalamu kwenye mkono usiokuwa na ulinzi wowote, tukauagiza uchore mstari hadi ukingoni mwa ufikio wake. Kiwiko kilijirusha upande wa pili kwa nguvu, kalamu ikachana karatasi, na aliyekuwa ameinama karibu kutazama aliponea chupuchupu. Tangu siku hiyo sifundishi sura hii bila kuanza na kitufe cha dharura.

Turudi kwenye mkono wetu wa sentimita 40 na 30. Tuseme tunataka ncha itoke nje, ikifuata mstari unaoanzia begani, kwa kasi ya sentimita 10 kwa sekunde. Kiwiko kikiwa kimejikunja nyuzi 90, kinahitaji kuzunguka kwa nyuzi 24 hivi kwa sekunde, jambo jepesi kwa mota yoyote. Kiwiko kikibakiza nyuzi 5 tu kunyooka, kasi ile ile ya ncha inadai nyuzi 383 kwa sekunde, ambao ni zaidi ya mzunguko mzima. Kikibakiza nyuzi 1, inadai zaidi ya mizunguko mitano kwa sekunde. Mkono ukinyooka kabisa hakuna kasi itakayotosha, kwa sababu kukunja kiwiko kidogo wakati huo kunaisogeza ncha kwenda pembeni, wala hakuisogezi nje hata kidogo.

Haya yote yamehifadhiwa katika matriksi ya Jacobi, ambayo ni jedwali linalosema kila kiungo kikizunguka kidogo, ncha inasogea kiasi gani na kuelekea wapi. Kwa mkono wetu, determinanti ya matriksi hiyo, yaani namba moja inayoonyesha kama matriksi inaweza kugeuzwa kinyume, ni 1200 mara saini ya pembe ya kiwiko. Pembe ikiwa nyuzi 90 unapata 1200. Ikiwa nyuzi 5 unapata 105 hivi. Ikiwa sifuri unapata sifuri, na matriksi haina kinyume. Programu yenu ilikuwa ikigawanya kwa namba iliyokuwa ikipungua kila hatua, na ikazituma mota kasi zilizotokana na mgawanyo huo.

Msidhani hatari iko kwenye ukingo wa ufikio peke yake. Katika mkono wa viungo sita wenye kifundo cha mihimili mitatu inayokutana, kiungo cha tano kikifika sifuri, mhimili wa nne na wa sita hulala juu ya mstari mmoja, na roboti hupoteza njia moja ya kujongea ikiwa katikati kabisa ya eneo lake la kazi, mahali ambapo kwa macho hakuna dalili ya ubaya. Dawa zipo. Unaweza kupanga njia inayopita mbali na mahali hapo, au kutumia kinyume cha matriksi kilichopunguzwa makali, ambacho hukubali ncha ikosee njia kidogo ili viungo visikimbie. Mimi hupendelea ya kwanza, maana ya pili ni ya kujiokoa.

Msichana mmoja aliyeandika kuhusu jambo hili hili ameuliza kama singulariti ina faida yoyote. Inayo. Mkono ulionyooka unaweza kubeba mzigo mkubwa unaovuta kwenye mstari wa pingili bila kiwiko kuutolea jasho, jinsi mtu anavyobeba ndoo nzito mkono ukiwa umenyooka chini. Mwelekeo ambao ncha imeshindwa kujongea ndio huo huo ambao nguvu inapita kwenye pingili bila kuwafikia waendeshaji wake, yaani mota.

SWALI: Nasoma sayansi ya kompyuta. Kwa nini mwelekeo wa kitu ukitolewa kwa pembe tatu watu hulalamika, na kwa nini programu nyingi hutumia namba nne wakati tatu zinatosha?

JIBU: Kwa sababu pembe tatu zina mahali zinapokwama. Pembe ya katikati ikifika nyuzi 90, mhimili wa kwanza na wa tatu huungana, na pembe mbili zinabaki kufanya kazi ya moja. Ni jamaa wa karibu wa kile kifundo tulichokizungumzia hapo juu. Namba nne ni kwaternioni, uvumbuzi wa William Rowan Hamilton wa mwaka 1843, nazo hazikwami popote. Gharama yake ni kwamba ni lazima jumla ya miraba yake iwe 1 daima, na kwamba kila mwelekeo una majina mawili, kwaternioni yenyewe na hasi yake. Ukisahau hilo la pili, roboti yako itazunguka njia ndefu ilhali ya mkato ipo.

SWALI: Tumemaliza kinematiki na kuingia dainamiki. Mhadhiri mmoja anatufundisha njia ya Lagrange, msaidizi wake anasisitiza njia ya Newton na Euler, na mtihani unakaribia. Ipi ni bora? Tena, kama tayari tunajua pembe na kasi, dainamiki inatusaidia nini?

JIBU: Nianze na la pili, kwani bila hilo la kwanza halina uzito. Kinematiki inaeleza mwendo bila kuuliza nani ameulipia. Dainamiki inauliza mota itoe nguvu kiasi gani ili mwendo huo utokee.

Uinue ule mkono wetu kutoka mezani, sasa ufanye kazi ya kupanda na kushuka, na uunyooshe mlalo. Tuseme pingili ya kwanza ina tungamo la kilo 3, ya pili kilo 2, na ncha imeshika mzigo wa kilo 2. Kila pingili kitovu chake cha uzito kiko katikati. Mzigo uko mita 0.7 kutoka begani, kwa hiyo unadai momenti, yaani nguvu ya kuzungusha, ya niutoni-mita 13.7. Pingili ya pili, kitovu chake kikiwa mita 0.55, inadai 10.8. Ya kwanza, kwa mita 0.2, inadai 5.9. Jumla ni 30.4, na zaidi ya nusu yake ni mkono kujibeba wenyewe. Haya yote ni kabla mkono haujasogea hata kidogo. Sasa kunja kiwiko ili pingili ya pili isimame wima kuelekea juu, na momenti ya begani inashuka hadi 21.6, mzigo ukiwa ule ule. Mota ya bega haijui kwamba kiwiko kimekunjwa. Asiyeiambia ataiona ikitoa nguvu zilizozidi na mkono ukiruka.

Mkono ukianza kusogea, mambo matatu hujumlishwa juu ya uvutano wa dunia. La kwanza ni inesha, yaani ukaidi wa kitu kubadilishwa mwendo wake, ambayo haitulii kwenye namba moja bali hubadilika kila mkono unapobadili umbo. La pili ni nguvu zinazotokana na kasi, zile zinazoitwa za kutoka kitovuni na za Coriolis, ambazo hukua kwa mraba wa kasi, hivyo hazionekani mkono ukienda polepole lakini hujitokeza vibaya ukiharakishwa. La tatu ni msuguano, ambao vitabu huuweka kwenye aya moja na maabara huuweka kwenye wiki tatu.

Sasa njia zenyewe. Lagrange, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1788, anakutaka uandike nishati mwendo, uipunguzie nishati tuli, kisha kanuni moja ikupe milinganyo yote. Huhitaji kuzifikiria nguvu zinazobanana ndani ya viungo. Kwa mkono wa pingili mbili inapendeza. Kwa mkono wa pingili sita, ukiandika kwa kalamu, utajaza kurasa na utakosea alama mahali fulani. Newton na Euler wanakwenda pingili kwa pingili: unaanzia kwenye kitako ukihesabu kasi na mchapuko wa kila pingili hadi nchani, kisha unarudi kutoka nchani hadi kwenye kitako ukihesabu nguvu na momenti. Mwaka 1980 Luh, Walker na Paul waliipanga safari hiyo ya kwenda na kurudi kwa namna ambayo kila pingili inafanyiwa hesabu zake ndani ya fremu yake yenyewe, na kazi ya kompyuta ikawa inakua sambamba na idadi ya viungo. Ukiongeza viungo maradufu, kazi huongezeka maradufu, haizidi hapo.

Kwa hiyo wote wawili, mhadhiri na msaidizi wake, wana haki. Tumia Lagrange ukitaka kuelewa na kuthibitisha, na Newton na Euler ukitaka kompyuta ihesabu mara 1000 kwa sekunde. Kwa mtihani, fanya mkono wa pingili mbili kwa njia zote mbili mpaka majibu yalingane, na yasipolingana usifunge daftari.

Kuna swali ambalo hukuliuliza ila nahisi litakujia: kama dainamiki ni nzito kiasi hiki, roboti za viwandani zilifanyaje kazi miaka yote kila mota ikiongozwa peke yake kama kwamba wenzake hawapo? Jibu liko kwenye gia. Gia ya 100 kwa 1 huikuza inesha ya mota, inapotazamwa kutoka upande wa pingili, kwa mraba wa 100, yaani mara 10,000. Mota inajihisi yenyewe zaidi kuliko inavyouhisi mkono, na misukosuko ya pingili nyingine inafika kwake ikiwa imegawanywa. Roboti zenye gia ndogo, zile zinazotakiwa kufanya kazi bega kwa bega na watu na kuuhisi mguso, hazina kinga hiyo, na kwao dainamiki haikwepeki.

SWALI: Idara yetu haina roboti hata moja, tunatumia programu ya kuigiza kwenye kompyuta. Je, tunapoteza muda?

JIBU: Hampotezi, mradi programu hiyo isiwe ya kwanza kuwapa jawabu. Ina hulka moja mbaya: ukikosea fremu inakuchorea mkono unaojongea kwa madaha, na mwendo mzuri humfanya mtu asiulize.

Kateni vipande viwili vya kadibodi ngumu. Kwenye kimoja tobweni vitobo viwili vilivyoachana sentimita 16, kwenye kingine sentimita 12, viungeni kwa pini, na bega mlibane kwenye karatasi yenye miraba. Wekeni bega nyuzi 30 kwa kipimapembe na kiwiko nyuzi 60 kutoka pale mkono unaponyooka, vyote kinyume cha mwendo wa saa. Hesabu inasema ncha iwe sentimita 13.9 kulia na 20 juu. Kisha mwende kinyume: wekeni ncha sentimita 20 kutoka begani kwenye mhimili wa x, na mpime kiwiko, kinatakiwa kiwe nyuzi 90, kwa kila upande kati ya zile mbili. Tofauti ikizidi nusu sentimita, angalieni kwanza kitobo cha bega, kwani kadibodi hupanuka upesi kwenye pini, kisha ndipo mrudi kwenye hesabu.